Udongo wa Nakivubo

Pale kwetu Mukuju, kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, wazee wana desturi ya kuketi jioni na kuzungumza mpira. Hawaanzi na mechi ya juzi. Huanza na swali moja ambalo halizeeki: "Wewe, mara yako ya kwanza Nakivubo ilikuwa lini?" Hapo kila mtu hupewa zamu yake. Mmoja ataeleza jinsi alivyopanda mti kwa kukosa tikiti. Mwingine jinsi alivyopoteza kiatu langoni asikione tena. Zamu ikinifikia mimi, wageni wa baraza hucheka, maana mimi ni mwanamke, tena nina wajukuu, na hawategemei kwamba nina la kusema. Lakini ninalo. Leo nimeona vema niliandike, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kambini na wa kota za polisi, na habari yenyewe inawahusu.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi mjini Tororo. Tuliishi kotani katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kila likizo tulikwenda Mukuju kwa nyanya, mama yake baba. Nyanya alizaa wana wawili wa kiume. Yule mkubwa aliandikwa katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma, asirudi. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana huko katika bonde la Kabaw, katika mvua za masika zilizogeuza njia kuwa matope, na wengi walibaki. Habari ya kifo ilifika Mukuju, lakini habari ya kaburi haikufika. Kwa hiyo kila mwaka baada ya mavuno ya wimbi, nyanya alipopika pombe, alitenga kibuyu kimoja akakiweka pembeni mwa nyumba. Sisi watoto tulijua kwamba kibuyu kile hakiguswi. Kilikuwa cha mtu ambaye hakuagwa.

Katika mwaka 1972 askari mwenzake baba alimwambia kwamba jina kamili la uwanja wa Nakivubo, kule Kampala, ni uwanja wa ukumbusho wa vita. Ndivyo ilivyokuwa. Uwanja wenyewe ulianzishwa mwaka 1926, katika zama za Kabaka Daudi Chwa, na katika miaka ya 1950 sheria iliuweka chini ya wadhamini uwe ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Baba aliposikia hivyo hakustahimili. Alikwenda Mukuju kwa baiskeli akamweleza mama yake. Nyanya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nenda ukamtazame kaka yako."

Nafasi ikaja mwezi wa Desemba. Ndugu msomaji, kama umelelewa katika familia ya mavazi rasmi utajua kwamba katika Uganda mpira wa miguu na majeshi vimetembea pamoja tangu zamani. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968, bingwa wake wa kwanza alikuwa timu ya Magereza, ikarudia mwaka 1969. Mwaka 1971 zamu ilikuwa ya Simba, timu ya jeshi, na mwaka 1972 Simba hao wakafika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na klabu yoyote ya Uganda. Walipambana na Hafia ya Conakry, Guinea. Katika mchezo wa kwanza huko Conakry, Simba walifungwa mabao 4 kwa 2. Mchezo wa marudiano ulipangwa Nakivubo, siku chache kabla ya Krismasi. Baba akaomba ruhusa, akapewa.

Aliyekusudiwa kusafiri naye ni kaka yangu, lakini siku mbili kabla ya safari alishikwa na malaria. Baba akanitazama mimi, mtoto wa miaka tisa, akasema nijiandae. Mama akaweka sufuria chini.

"Baba watoto, mtoto wa kike anafuata nini mpirani?"

"Hafuati mpira, mama watoto. Anakwenda kumwona baba yake mkubwa."

Mama hakusema neno tena. Alichukua karanga akazikaanga, akazifunga katika kitambaa pamoja na viazi vitamu, nikakabidhiwa niwe mchukuzi wa chakula.

Tulipanda gari moshi Tororo, daraja la tatu. Mwaka ule ulikuwa mzito. Mwezi wa Septemba kulikuwa na mapigano kusini magharibi mwa nchi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na maduka mengi ya Tororo tuliyozoea kununua chumvi na sukari yalikuwa yamefungwa milango. Watu walisema kwa sauti ndogo. Lakini ndani ya behewa letu, kadiri tulivyokaribia Jinja, sauti zilipanda. Walizungumza habari za Polly Ouma, na habari za Chérif Souleymane wa Hafia, yule ambaye kwa mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Nilistaajabu kuona watu wasiojuana wakibishana bila woga. Nadhani ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu, kabla hata sijauona.

Kampala ilinitia hofu. Nakivubo ulikuwa bondeni, karibu na mfereji mchafu na soko la Owino, na watu walimiminika kutoka kila upande kama siafu waliochokozwa. Baba alinishika kifundo cha mkono, wala si kiganja, akasema kiganja huteleza. Tulipoingia hakutafuta mahali pa kukaa. Alianza kutafuta majina. Alitembea kandokando ya ukuta, akanyanyua macho, akainama, akapapasa. Alimwuliza polisi mmoja wa zamu kwa heshima zote, "Afande, majina ya askari wa Burma yameandikwa wapi?" Yule polisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. Akasema, "Mzee, hapa ni mpira." Sisi hatukuona jina hata moja. Baba alisimama kidogo, kofia mkononi, halafu akaniambia twende tukatafute nafasi.

Sasa niwaeleze niliyoyaona katika fainali ya Afrika: niliyaona makoti. Mbele yangu palikuwa na migongo ya wanajeshi, na baba aliponinyanyua niliona majani mabichi na watu wadogo wakikimbia, kisha mikono yake ikachoka akanishusha. Kwa hiyo mechi ile niliifuata kwa masikio. Mara mbili ardhi ilitetemeka chini ya miguu yangu na watu nisiowajua wakanikumbatia. Mara tatu uwanja mzima ulinyamaza, kimya kiasi cha kusikia wachezaji wa Guinea wakiitana kwa lugha yao. Hata leo nikiulizwa matokeo, huhesabu hivyo: kelele mbili, kimya tatu. Simba 2, Hafia 3. Kombe likaenda Conakry kwa jumla ya mabao 7 kwa 4.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Nilidhani wanajeshi walioshindwa nyumbani kwao wangefanya fujo. Pale nilipokuwa hawakufanya. Askari mmoja mrefu aliyekuwa mbele yetu alivua kofia, akaanza kupiga makofi polepole, na wengine wakafuata. Baba akaniinamia akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Methali hiyo nilikuwa nimeisikia shuleni mara nyingi, lakini siku ile niliiona ikiwa na uso wa mtu.

Watu walipopungua, baba alinishika tena kifundo, akanipeleka mpaka ukingoni mwa majani. Alitoa mfukoni kikopo cha rangi ya viatu, kile alichotumia kila asubuhi kung'arishia buti zake, kikiwa kimekwisha na kuoshwa. Akapiga goti kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Akachota udongo kwa vidole viwili, akajaza, akafunika, akakirudisha mfukoni. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza.

Tulifika Mukuju tukiwa na vumbi na njaa. Nyanya alikuwa ameketi chini ya mkwaju. Hakusalimu kwanza, aliuliza: "Umemwona?"

Baba yangu, ambaye nilikuwa sijamwona akibabaika mbele ya mtu yeyote, alikosa maneno. Mwishowe alisema kweli. "Mama, hakuna kaburi. Wala jina sikuliona. Ni kiwanja cha mpira."

"Wanacheza juu yake?"

"Wanacheza, mama. Watu maelfu husimama pale, wakaimba na kupiga kelele."

Nyanya alitazama upande wa mwamba wa Tororo kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Kisha akasema, "Basi hayuko peke yake."

Baba akatoa kikopo. Nyanya alikifungua, akanusa udongo ule, akauliza kama ndipo mahali penyewe, akaambiwa ndipo. Kesho yake alfajiri waliita wazee wachache na katekista, wakachimba shimo dogo chini ya mkwaju, wakaufukia udongo wa Nakivubo kwa sala na kwa machozi yaliyongoja miaka ishirini na minane. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, kile kibuyu kilichokuwa hakiguswi kililetwa katikati ya watu, kikanywewa.

Nimekwenda Nakivubo mara nyingi baada ya hapo, kwanza na baba, baadaye na mume wangu. Niliwaona Simba wakirudi kuwa mabingwa wa ligi mwaka 1978, na mwaka 1997 nilisikitika kidogo ulipofunguliwa uwanja wa taifa wa Mandela kule Namboole, nikijua kwamba mechi kubwa zitahamia huko. Polisi walipotwaa ubingwa mwaka 2005, baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda kumwambia kaburini. Mwaka 2017 Nakivubo wa zamani ulibomolewa ili ujengwe upya. Wazee wa baraza letu siku hiyo walizungumza kwa huzuni kama watu waliotoka mazishini. Kila mmoja alidhani kwamba mara yake ya kwanza imevunjwa pamoja na zile kuta.

Uwanja mpya nimeuona, nikiwa na mjukuu wangu. Ni mzuri, una viti na paa, na wala siwalaumu waliojenga. Lakini majani yake ni ya bandia, na udongo hauonekani. Nilimweleza kijana habari hii tukiwa tumeketi humo. Alisikiliza, halafu akauliza swali lililonichoma: "Nyanya, jina lake aliitwa nani, na nambari yake ya jeshi ilikuwa ngapi?" Jina nalijua. Nambari siijui. Karatasi iliyokuwa nayo ililiwa na mchwa sandukuni kabla sijazaliwa. Karibu na Rangoon, mahali paitwapo Taukkyan, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana makaburi yao katika vita vya Burma. Mjukuu wangu amejaribu kutafuta, lakini majina yetu yaliandikwa na watu wasioyajua, yakaharibika, na bila nambari huwezi kusema huyu ni wetu na huyu si wetu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa jeshi, wa polisi na wa magereza, na ninyi kina mama mnaowangoja nyumbani, nina ombi moja. Leo hii, kabla ya kulala, chukueni daftari la mtoto la shule mwandike: jina kamili la aliye kazini, nambari yake, kikosi chake, na mahali alipozaliwa. Andikeni nakala mbili. Moja ikae pamoja na vyeti vya watoto, ya pili ipelekwe kwa nyanya au babu kijijini, iwekwe ndani ya chupa yenye kizibo, mchwa wasiifikie. Si uchuro kufanya hivyo, ni malezi.

Nanyi mpelekapo watoto uwanjani kwa mara ya kwanza, waelezeni uwanja huo umeitwa hivyo kwa sababu gani. Watayasahau mabao. Mimi mwenyewe sikuona hata moja. Lakini mkwaju wa Mukuju ungali umesimama, na kila nipitapo chini yake hupunguza mwendo.