Majibu ya damu yamekwama njiani

Huku Uingereza baridi imeanza kuuma na mimi niko zamu za usiku. Mdogo wangu kaniuliza kwenye simu: "Dada, huko kila kitu kompyuta, mnalalamikia nini tena?" Ngoja nikujibu hapa, na wengine wasome.

Potasiamu ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla. Juzi mzee mmoja wa figo alipimwa, majibu yakatoka, yakawa yamekaa kwenye seva. Mimi huku nakodolea macho skrini inayozunguka tu! Nikapiga simu maabara wakanisomea: 6.8. Daktari mbio, kalsiamu ikaingia mshipani, mzee yupo. Lakini jamani, jibu la tarakimu mbili lishindwe kufika, wakati waya huo huo unabeba picha za CT za mamia ya megabaiti?

Kijana wa kompyuta alinichorea kwenye karatasi. Wodi ina wagonjwa 28, tuseme kila mmoja ana vipimo 20. Programu yetu inakwenda kwa seva kuuliza kipimo kimoja kimoja. Ni kama kumtuma mtoto dukani chumvi, akirudi umtume kiberiti, akirudi tena sabuni. Safari 560! Kila moja ikichukua sekunde 0.05 tu, ni sekunde 28, na hapo hakuna foleni. Kumbe hata ukipanua barabara haisaidii sana, kinachokula muda ni nenda rudi. Dawa ni kumpa mtoto orodha yote mara moja: swali moja kwa wodi nzima. Ukiongeza na kuomba yale tu yaliyobadilika tangu ulipouliza mara ya mwisho, badala ya kuvuta majibu ya miaka mitano, mzigo unapungua kabisa.

Tena msidhani huko nyumbani mko nyuma. Kenya ilianza kutumia DHIS2 nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, na programu yake ya simu inahifadhi kazi pale pale kwenye simu, mtandao ukipatikana ndipo inatuma. Waliotengeneza hiyo waliwaza mtu aliye mbali na mnara. Waliotengeneza yetu, sijui walimuwaza nani!

Tumeahidiwa marekebisho. Kwa sasa namba ya maabara nimeibandika pembeni ya skrini. Haya, naenda kazini, wasalimieni wote.