Ngoma ya ndoo ilivyomtoa mtoto chumba cha nyuma

Mwanamke akishajifungua, mtaani jina lake la kuzaliwa huwekwa kabatini. Anakuwa mama fulani, na huyo fulani kwa kawaida ni mtoto wake wa kwanza. Ataitwa hivyo gengeni, msibani na kwenye kikoba hadi uzeeni.

Kwa mama mmoja anayeishi Mbagala, jijini Dar es Salaam, haikuwa hivyo. Mtoto wake wa kwanza ni binti wa miaka minane. Wa pili ni mvulana wa miaka minne. Majirani, muuza genge na wapangaji wenzake wote walimwita kwa jina la yule wa pili.

Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Mvulana alionekana akikimbia uani na kutumwa chumvi dukani. Binti hakuonekana, na mtoto asiyeonekana ni vigumu jina lake kukaa mdomoni mwa watu. Mama mwenyewe aliitika bila kusahihisha.

Binti huyo ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, hakulia, na kwa siku kadhaa alisaidiwa kupumua. Miezi sita ilipita shingo haijakaza. Alipofikisha mwaka mmoja bila kukaa, daktari aliwaeleza wazazi kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia.

Hali hii hutokea ubongo unaokua unapoumia kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati anazaliwa au katika miaka yake ya mwanzo. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa mapema na homa ya uti wa mgongo ni baadhi ya sababu. Haiambukizi, na si laana ya mtu. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, lakini misuli isipofanyishwa mazoezi hukakamaa na viungo hupinda.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtoto asiyeweza kutamka maneno anaweza kuwa anaelewa kila linalosemwa mbele yake. Binti huyu alielewa. Alijua kwamba hodi ikipigwa, yeye hubebwa na kupelekwa chumba cha nyuma.

Mazoezi yaliyogeuka vita

Kila mwezi mama alimbeba mgongoni, akapanda daladala mbili na kumalizia kwa bajaji kwenda kliniki. Huko alifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani asubuhi na jioni: kuunyoosha mkono wa kushoto uliojikunja, kuifungua ngumi, kumkalisha mtoto akiwa ameegemezwa, na kumfanya ageuze shingo pande zote mbili.

Kliniki ilionekana rahisi. Nyumbani, kila mkono uliponyooshwa binti alilia, mdogo wake akalia kwa kumwonea huruma, na mara nyingi mama naye akamaliza akifuta machozi. Baba, fundi gereji, alikuwa akitoka nje mazoezi yakianza.

Baada ya muda mazoezi yakawa mara moja kwa siku, kisha mara mbili kwa wiki, kisha hayakufanyika kabisa. Mama aliendelea kwenda kliniki na kujibu kwamba wanafanya. Usiku hakulala vizuri. Kazi zake za kuuza vitumbua alizifanya, lakini bila furaha, na ndugu walidhani ni uchovu tu.

Bibi na sinia la mchele

Mwaka jana mama yake mzazi alikuja kutoka Kisarawe kutibiwa macho, akakaa. Hakuwa na habari za kliniki. Alichokiona ni mjukuu aliyelala chumbani peke yake mchana kutwa, akaona haifai. Akahamishia kazi zake huko.

Siku moja alikuwa akichambua mchele, akiimba na kugonga ukingo wa sinia kwa kidole. Binti akatoa sauti. Bibi akabadilisha mdundo, mtoto akanyamaza. Akaurudia ule wa kwanza, mtoto akatoa sauti tena.

“Huyu ananiitikia,” Bibi alimwambia binti yake jikoni. Mama alidhani ni maneno ya kumfariji.

Kesho yake Bibi aliomba ndoo tupu ya rangi. Aliifunika juu chini kwenye mkeka, akamkalisha mjukuu mapajani na kuanza kupiga. Binti alipiga kwa mkono wa kulia, ulio na nafuu. Siku zilivyokwenda Bibi akawa anaisogeza ndoo kushoto, kidogo kidogo, ili mkono uliolala nao uitafute. Chupa ndogo ya maji iliyotiwa punje za mahindi na kufungwa vizuri ikawa manyanga.

Hakuna aliyelia. Wakati mwingine binti alikasirika ndoo ilipoondolewa ili apewe chakula.

Miezi michache baadaye, kliniki, mtaalamu wa mazoezi tiba aliushika mkono wa kushoto na kuuliza ni mazoezi gani wanayofanya nyumbani. Mama akaona aibu, akasema ukweli: wameacha siku nyingi, bibi yake anampigia ngoma tu.

Mtaalamu aliomba aonyeshwe. Baada ya kutazama alisema, “Haya ni yale yale niliyowafundisha, ila yamevaa nguo nyingine.” Akamwelekeza Bibi namna ya kumkalisha mtoto ili mgongo usipinde, na kumwambia asiuvute mkono kwa nguvu, bali ausubiri uje wenyewe.

Si muujiza. Binti hatembei wala hasemi sentensi. Lakini ngumi hufunguka kiasi cha kuvalishwa gauni bila kilio. Anakaa akiegemezwa kwa muda wa wimbo mzima, kisha mwingine. Na wimbo unapofika mahali pa kuitikia, sauti yake huingia hapo hapo, si kabla wala baada.

Sanaa inafanya nini mwilini

Kilichotokea katika chumba kile kina maelezo. Novemba 2019, Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa muziki, uchoraji, ngoma, maigizo na hadithi vinaweza kusaidia katika kuzuia magonjwa na katika kuishi nayo, tangu utotoni hadi uzeeni.

Mdundo unaoeleweka huupa mwili taarifa ya lini mwendo unaofuata unapaswa kuja. Ndiyo maana hutumika katika mazoezi ya kutembea kwa watu waliopata kiharusi na wenye ugonjwa wa Parkinson. Kuimba ni mazoezi ya pumzi. Kuchora na kufinyanga hufanyisha kazi vidole, na macho hujifunza kufuatana na mkono.

Sababu nyingine ni nyepesi zaidi: mtoto hurudia anachokipenda. Mkono unaonyooshwa mara kumi kwa kilio unaweza kunyooka mara mia kwa ngoma, na misuli inahitaji huko kurudia.

Faida haikuishia kwa binti. Bibi alipoongoza nyimbo, mtu wa kuitikia alikuwa mama. Alianza akiwa mlangoni na mwiko mkononi, baadaye akawa anakaa chini. Anasema hakuwa ameimba tangu binti azaliwe, na kwamba usiku wa siku walizoimba alilala.

Nchini Gambia watafiti waliliangalia jambo hili kwa wajawazito. Walifanya kazi na vikundi vya wanawake waimbaji viitwavyo Kanyeleng, ambavyo wengi wa wanachama wake ni wanawake waliofiwa na watoto au waliohangaika kupata mtoto. Wajawazito waliimba pamoja nao kwa wiki sita, na dalili zao za wasiwasi na sonona zilipungua. Waimbaji hawakuletwa kutoka nje. Walikuwa wenyeji, na nyimbo zilikuwa zao.

Mzazi aanzie wapi

Vya kuanzia vipo nyumbani. Ndoo, sufuria, chupa yenye punje, mkaa wa kuchorea sakafuni, udongo wa kufinyanga na kanga ya kuchezea vinatosha. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Mfuate mtoto. Mwenye usonji anaweza kuumizwa na kelele za ngoma lakini akatulia kwa rangi au kwa wimbo wa sauti ya chini. Kiziwi anaweza kuusikia mdundo kwa viganja vikiwa juu ya ngoma au kwa miguu peku sakafuni. Mtoto asiyeona atapenda udongo kuliko karatasi.

Usalama usisahauliwe. Punje na shanga zisimfikie mtoto anayetia vitu mdomoni. Mwenye kifafa, muulize daktari wake kabla ya shughuli yenye taa za kumweka. Na sanaa haichukui nafasi ya dawa wala kliniki. Inafanya kazi pamoja navyo.

Zaidi ya yote, usimdai kipaji. Watoto wengine huruhusiwa kuimba vibaya, wakapigiwa makofi na kupewa soda. Mwenye ulemavu naye asisubiri kuwa nyota ndipo apewe nafasi. Kucheza ni haki yake hata akikosea.

Haki hiyo imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia katika ibara ya 30 haki ya kushiriki utamaduni, michezo na burudani, ikiwemo michezo ya watoto shuleni. Mwaka uliofuata nchi ilipata Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Nchini pia ipo mifano ya milango iliyofunguka. Iringa, karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache waliotengeneza karatasi kwa mikono. Leo watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kuhudumia wageni mgahawani. Ukerewe, watu wenye ualbino walirekodi nyimbo zao wenyewe, na albamu ikatoka mwaka 2017.

Siku ya mahafali

Kwa familia ya Mbagala, mlango mgumu ulikuwa wa shule. Binti yuko kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi. Mahafali ya darasa la saba yalipokaribia, madarasa mengine yaliandaa kwaya, ngonjera na ngoma. Watoto wa kitengo walipangiwa kukaa chini ya mwembe, karibu na jiko, wasisumbuke na jua.

Mama alikwenda kwa mwalimu wa ngoma kuomba binti yake apige manyanga. Mwalimu alisita, akasema wageni watakuwepo na ngoma inaweza kuharibika. Mama akaomba tena, kwa heshima, na kurudi kesho yake akiwa na ile chupa ya punje. Mwalimu akakubali binti akae pembeni mwa wapigaji.

Nyumbani, baba alikataa. “Unataka watu wakamcheke?” Hakusema kwa ukatili, alikuwa ametumia miaka minane kumkinga na kicheko hicho.

“Baba, wasipomwona, watamzoea lini?” mama alimjibu. Baba alisema hatakwenda.

Siku ilipofika, Bibi alichana ukanda wa kanga na kuifunga chupa kwenye kiganja cha mjukuu ili isidondoke. Kiti cha magurudumu kikawekwa pembeni mwa ngoma.

Binti alianza kabla ya wenzake. Akapoteana nao, akawapata, akapoteana tena. Ngoma ilipokwisha na wachezaji wakainama kuaga, yeye aliendelea kutikisa. Uwanja ukawa kimya. Nyuma kwenye viti mtu alicheka.

Mvulana wa darasa la sita aliyeongoza ngoma alimtazama, kisha akainua tena fimbo na kumfuata. Wachezaji wakatazamana, wakarudi uwanjani. Safari hii binti ndiye aliyeshika mdundo, na wenzake wakamfuata mpaka aliposimamisha mkono mwenyewe.

Getini alikuwa amesimama mwanaume mwenye ovaroli ya gereji. Hakuingia kwenye viti vya wazazi. Lakini jioni hiyo yeye ndiye aliyekisukuma kiti hadi nyumbani, na hakupita njia ya nyuma.

Mambo hayakunyooka yote. Wapo majirani ambao bado huwavuta watoto wao wakipita karibu. Daladala bado husita kusimama wakiona kiti. Ila hodi ikipigwa sasa, binti hubaki sebuleni, na mara nyingi wapiga hodi ni wanafunzi wenzake wanaouliza kama ndoo ipo.

Wiki moja baada ya mahafali, mama alikuwa gengeni akichagua nyanya. Nyuma yake mtoto wa kike mwenye sare za shule alisema “Shikamoo,” kisha akamwita mama, na jina lililofuata lilikuwa la binti yake wa kwanza.

Mama alichelewa kugeuka. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo. Mtoto akarudia, kwa sauti zaidi, hadi muuza genge akainua uso.

Ndipo akaitikia, “Marahaba.”