Kabla Hujaigusa Distributa

Iringa



Umeniuliza kama ile Corolla AE100 mliyoletewa gerejini, iliyopoteza nguvu mlimani, mnaweza kuiseti taiming kwa kulegeza distributa na kuizungusha taratibu mpaka injini isikike vizuri. Jibu langu ni hapana. Nataka uijue sababu, maana itakusaidia kwa magari yote ya kizazi hicho.

Mafundi walionifundisha waliseti kwa sikio, na kwa magari yao walikuwa sahihi. KE70 yenye injini ya 4K ilikuwa na kabureta, na ndani ya distributa mlikuwa na vyuma vidogo vilivyoshikwa na springi. Injini ikiongeza mwendo, vile vyuma vinatanuka na kuiwahisha cheche. Kwenye 5A-FE ya hiyo AE100 distributa imebaki na sura ya zamani, lakini vyuma vile havimo. Humo mna sensa zinazoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake, na kompyuta ndiyo inayoamua cheche iruke lini, kwa kutazama mwendo wa injini, mzigo wake na joto la maji.

Kwa hiyo ukiizungusha distributa, unaipa kompyuta habari ya uongo kuhusu mahali pistoni ilipo. Inakuwa kama mtu aliyevaa saa iliyotangulia: anapanga siku yake vizuri kabisa, na kila mahali anafika mapema. Digrii ulizoongeza kwenye sailensa, bila mguu kwenye mafuta, zitaifuata injini hadi barabara kuu na hadi mlimani.

Ndiyo maana kompyuta lazima itulizwe kwanza. Washa gari mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, zima AC na taa, gia iwe huru. Karibu na injini utaona kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko wake kuna ramani ya majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Isome ramani hiyo kwa utulivu, mwanangu, kwa sababu tundu la +B lina umeme wa betri, na ukiliunganisha na E1 umepiga shoti. Waya ukikaa sawasawa, kompyuta inaacha kuiwahisha cheche kwa hesabu zake na kubaki kwenye taiming ya msingi, ambayo kwa injini hii ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Ukizima injini na kufungua swichi bila kupiga stata, waya huohuo utaifanya taa ya cheki injini ipepese. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, kuna namba za makosa, na hizo zishughulikiwe kwanza.

Kisha bana taa ya taiming kwenye waya wa plagi ya silinda namba moja, ile iliyo upande wa mkanda, na umulike alama iliyo kwenye puli ya krankishafti. Puli itaonekana imesimama kabisa, kumbe inazunguka mara 12 hivi kwa sekunde. Usipeleke mkono, na mikono ya shati uikunje. Kama alama haitulii hata baada ya kuunganisha waya, kagua sensa ya throto: kompyuta ikidhani mguu uko kwenye mafuta, haitakubali kutulia.

Alama ikiwa nje ya 10, legeza boliti za distributa kidogo tu na uisogeze kidogo sana. Kamshafti, inayoiendesha distributa, inazunguka mara moja wakati krankishafti inazunguka mara mbili, hivyo digrii moja ya distributa ni digrii mbili za krankishafti. Kaza, kisha mulika tena, kwa sababu distributa hupenda kuhama wakati wa kukaza. Ukitoa waya, alama itasogea yenyewe, na ukipiga resi itazidi kuwahi. Hiyo ni kompyuta imerudi kazini.

Distributa ikifika mwisho wa nafasi yake na alama bado haijafika 10, acha kulazimisha. Fungua kava uone kama mkanda wa taiming umeruka jino.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya magari ninayoyaona huku kwetu. Iringa iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini iliyowahishwa kupita kiasi huvumilia. Mwenye gari anafurahi, linavuta. Akishuka mteremko wa Kitonga na kufika Dar, kwenye joto na hewa nzito, injini inaanza kugonga kila anapokanyaga mafuta akiwa na mzigo, na kugonga huko kukiendelea kunatoboa pistoni. Cheche nayo ikicheleweshwa, moto unamalizikia kwenye ekzosi: gari linachemka, linakula mafuta na halina nguvu. Hakuna sikio linaloweza kutofautisha digrii 10 na 14 kwenye sailensa. Hata langu haliwezi.

Na huenda taiming ya hiyo AE100 haina kosa lolote. Kabla ya yote tazama plagi, waya zake, fyulta ya hewa, presha ya mafuta, na kama ekzosi imeziba. Kuwahisha cheche ili kuficha plagi zilizochoka ni kumwibia mteja, hata kama ataondoka akitabasamu.

Kuhusu IST uliyoitaja mwishoni: ile 1NZ-FE haina distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta inasoma sensa ya krankishafti na ya kamshafti. Hakuna cha kuzungusha. Fundi akikwambia ameiseti taiming kwa mkono, muulize ameshika wapi.

Taa yangu ya taiming nimeifunga kwenye boksi, nitampa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi. Klipu nyekundu ni ya chanya. Niandikie alama uliyoikuta kabla ya kugusa chochote.

Mjomba wako