Swali aliloniuliza dada kuhusu ada

Mtoto wa dada yangu alipomaliza kidato cha nne huko Vidunda, alinipigia simu: "Mama mdogo, nataka kusomea muziki." Dada akamnyang'anya simu. "Ada shilingi ngapi? Mbona babu alimfundisha ngoma bure?"

Mimi huandika habari za afya. Nimeona mradi wa wafadhili ukiisha, zahanati ikabaki na jengo, wahudumu wameondoka. Kwa hiyo kabla ya kumjibu dada, nilitafuta shule ya muziki inaendeshwaje.

Nilisoma kuhusu chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 2002. Hakitafuti faida, kinafundisha taarabu, ngoma na ala nyingine. Kwa miaka mingi kilitegemea wafadhili na balozi za nje. Fedha hizo zilipokatika, mwaka 2019 kilitangaza kuwa kinahitaji dola 70,000 ili kisifunge milango. Kilikuwa na wanafunzi wa kudumu wapatao 80. Ada ilikuwa kama dola 13 kwa mwezi, yaani shilingi 30,000 hivi, na asilimia 70 ya wanafunzi hawakuimudu.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Wote 80 wangelipa mwaka mzima, zingepatikana kama dola 12,500. Kwa wale wenye uwezo tu, hazifiki 4,000. Mishahara ya walimu, ukarabati wa ala, umeme? Fungu kubwa lilitoka kwingine.

Chuo hicho hakikufa. Lakini nilielewa kwamba ada tunayoinung'unikia ni sehemu ndogo tu ya gharama.

Nikamrudia dada. Nikamkumbusha kwamba wazazi wa vijana waliofundishwa na babu walikuwa wakija kumlimia shamba, na bibi akipokea mahindi yao. Babu hakufundisha bure. Alilipwa kwa jembe.

Dada alinyamaza, kisha akasema atauza gunia moja la maharage. Lililobaki nitachangia mimi.

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mtoto shule kama hiyo, ulizia ada, kisha uliza: fedha nyingine zinatoka wapi, na mfadhili akiondoka mwalimu atalipwa na nani? Sisi tumeuliza shule tatu. Moja tu ndiyo iliyotuonyesha daftari lake la mapato na matumizi. Huko ndiko anakokwenda Januari.