Utomvu wa Mapapai ya Beni

Kutoka Butembo hata Beni ni mwendo wa kilomita zipatazo 54. Twaiacha Butembo na ukungu wake, twateremka Kabasha, na kadiri tushukavyo koti lageuka mzigo. Huku ndiko mpapai huona nchi yake.

Wenzetu wa Zanzibar huvuna mwani, na viwanda vya ng'ambo hutoa ndani yake kitu cha kugandisha vyakula na dawa za meno. Watu wa Beni hawana bahari. Wao wana utomvu.

Alfajiri, jua lingali pole, mkulima hukwaruza ganda la papai bichi, mikato ya kina cha milimita 2 tu. Utomvu mweupe huchuruzika chomboni, na baada ya dakika chache huganda. Tulinyosha mkono kuugusa, lakini mwenye shamba akatuzuia: “Hapana, baba zangu, huu unakula ngozi.”

Kweli unakula. Ndani yake mna papaini, kimeng'enya kinachokata minyororo ya protini, hiyo hiyo ijengayo nyama na ngozi zetu. Wurtz na Bouchut waliipa jina huko Ufaransa mwaka 1879. Umbo lake lilifumbuliwa Uholanzi mwaka 1968, mnyororo wa asidi amino 212 uliojikunja kama uzi. Mama zetu hawakuwangoja wataalamu: nyama ngumu waliifunga katika majani ya mpapai. Viwanda navyo hulainishia nyama, tena huisafishia bia isifanye ukungu ikipozwa. Ilitiwa pia katika dawa za vidonda, lakini mwaka 2008 Marekani ilizizuia zile zisizoidhinishwa, maana wagonjwa wengine zilikuwa zimewadhuru.

Utomvu hukaushwa kwa moto wa polepole. Joto likizidi, papaini hufa, na mkulima hubaki na unga usio na bei. Twaona hilo ni jambo dogo mbele ya lile jingine.

Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa vijijini mwa Beni, wengine wakiwa mashambani au njiani. Na utomvu hautoki vizuri mchana. Wataka mtu awe shambani kabla ya jua, peke yake, saa ile ile anayoiogopa. Tulipokuwa tukirudi tulipita shamba moja kando ya barabara. Mapapai yalikuwa yameiva mtini, ya manjano kabisa, wala hayakuwa na mkato hata mmoja.