Nano, omena na stima iliyopotea

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Sori, na huko nikajikuta mwalimu.

Vijana wanne wa kwetu wanaosomea shahada ya kwanza, wawili sayansi na wawili uhandisi, waliniomba niwasaidie somo la nanoteknolojia. Mmoja alikuwa ameanguka mtihani, na mama yake aliuza ng'ombe ili aurudie. Mimi nilisoma kompyuta; nano niliipita kwa kukariri tu.

Nilianza vibaya. Nikawasha laptopu, nikasoma: nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Wakaandika, kimya. Nikawaonyesha programu yangu inayokata mchemraba wa sentimita 1 kuwa vipande vya nanomita 1. Toleo la kwanza lilijaribu kuhifadhi kila kipande, kompyuta ikaganda: vipande ni 1 ikifuatwa na sifuri 21! Hawakucheka. Kisha stima ikapotea.

Tukatoka hadi ufuoni. Akina mama walikuwa wakianika omena. Nikauliza, mbona hawairundiki mahali pamoja?

"Omera, si itaoza!" akajibu yule wa kurudia mtihani. "Ikitandazwa, kila samaki anapata jua na upepo."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe! Samaki ni wale wale, ila sehemu iliyo wazi imeongezeka."

Ndiyo hiyo hasa. Mchemraba wangu una eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Ukishakatwa wote, eneo hilo linafika mita 6,000 za mraba, karibu uwanja wa mpira. Ndiyo maana chembe hizo hunasa uchafu vizuri. Hata sura hubadilika: dhahabu, kama ile ya Macalder jirani zetu, ikiwa chembe za nanomita 20 ndani ya maji huonekana nyekundu.

Nikawaambia habari za Askwar Hilonga wa Arusha. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na nano. Wote wakageuka kuangalia ziwa, ambako watu walikuwa wakichota maji ya kunywa. Maswali yakaanza, hadi giza likaingia.

Matokeo ya mtihani bado. Programu nimeiandika upya: sasa inaanza na omena.

Tuonane wiki ijayo.