Ndoo ya Beavercreek na Kanuni Zilizokuja Baadaye

Kusini ya mji wa Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, pana kitongoji kiitwacho Beavercreek. Hakina soko la kusifika wala kasri la kutazamwa. Kina misonobari mirefu, mashamba yaliyozungushiwa ua, na mvua ya rasharasha isiyokuwa na haraka ya kwisha. Hata hivyo, watu hutoka nchi za mbali wakaenda kusimama kando ya barabara moja ya kitongoji hicho, wakainama, wakasoma bamba lililowekwa hapo, wakapiga picha, kisha wakaondoka wameridhika.

Bamba hilo laonyesha mahali palipofichwa ndoo. Setilaiti za GPS ni za jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi serikali yao ilitia kosa la makusudi katika mawimbi wayapokeayo raia, hata mtu akitaka kujua mahali alipo aliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mwanzoni mwa Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, kosa hilo liliondolewa. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja mtaalamu wa kompyuta, Dave Ulmer, alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akatia ndani vitabu, kanda za video, programu ya ramani, manati, fedha kidogo na kopo la maharagwe, akaifukia kiasi penye miti, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Sharti lilikuwa moja tu: atakayeipata achukue kitu na aache kitu, na aandike katika kidaftari kilichomo. Haikupita siku nyingi ikapatikana. Mike Teague, aliyekuwa wa kwanza kuiona, akaanza kukusanya orodha ya ndoo na makasha yaliyofichwa na wengine, na tarehe 2 Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti iliyoanza na makasha 75. Leo makasha yaliyofichwa duniani yapita milioni 3, na Kenya yetu imo. Mchezo wenyewe waitwa geocaching.

Aliyenipeleka huko ni mume wa mpwa wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye maskani yake kwa miaka mingi yako viungani mwa Seattle, mwendo wa kilomita 280 hivi kutoka Portland. Hakupenda jina lake lichapishwe, kwa hiyo nitamwita mwenyeji wangu. Aliuanza mchezo huu mwaka 2001, watoto wake wakiwa wadogo. Mpwa wangu aliniambia kuwa mwanzoni aliuona ni upuuzi wa mtu mzima kuzunguka na kifaa mkononi akitafuta mkebe chini ya gogo. Lakini ugenini hakuna baraza, hakuna kwa bibi wala kwa shangazi pa kuwapeleka watoto Jumapili. Mchezo uliwatoa nje bila gharama. Alikuwa akifunga mahamri, akijaza chupa ya chai ya tangawizi, na familia nzima ikatokomea katika njia za msituni. Watoto walijifunza kusoma ramani kabla hawajajifunza kuendesha baiskeli.

Na kila walipopata kasha, baada ya kutia jina katika kidaftari cha ndani, desturi ya mchezo ni kuandika pia kwenye tovuti. Wengi huandika neno moja la shukrani. Mpwa wangu alikuwa akimsomea mumewe maneno ya kuandika: leo fulani aling'oka jino njiani; leo tulinyeshewa tukarudi miguu imejaa matope; leo habari ya msiba imetufika tukiwa chini ya daraja, tukakaa palepale. Miaka 20 na ushei ya nyumba ile imeandikwa namna hiyo, katika kurasa ambazo si mali yao. Hapo ndipo palipo na uzito wa jambo hili.

Niseme pia, maana wasomaji wetu watalielewa haraka, kwamba baada ya Septemba 2001 haikuwa rahisi kwa mwanamume mwenye ndevu kuonekana akipapasa chini ya viti vya bustani. Mara mbili aliulizwa na askari anatafuta nini. Tangu hapo mpwa wangu aliweka kanuni yake mwenyewe, isiyomo katika tovuti yoyote: baba hatafuti kasha mjini bila mtoto mmoja kando yake.

Siku moja kabla ya kwenda Oregon alitupeleka mashariki ya Seattle, kwenye milima, penye handaki la zamani la reli la Snoqualmie. Reli iling'olewa, sasa hupita waendao kwa miguu na baiskeli. Urefu wake wapita kilomita tatu na nusu. Ndani ni giza la kutosha kukufanya ushike mkono wa mwenzio. Maji yadondoka darini, baridi yauma hata mwezi wa Julai, na mwanga wa upande wa pili huonekana kama tundu la sindano. Ng'ambo ya handaki, juu ya mteremko, pana kasha lililowekwa mwaka 2001 kutangaza filamu ya Planet of the Apes. Makasha ya namna hiyo yalikuwa machache duniani na karibu yote yametoweka. Hili nalo liliibwa mwaka 2011, likaondolewa orodhani, kisha baada ya miaka kadhaa sanduku lenyewe likapatikana na kasha likarejeshwa.

Mwenyeji wangu alilitazama kwa mapenzi, halafu akaguna. "Mjomba," alisema, "hili lilirudi. Langu halikurudi."

Alikuwa na kasha alilolificha mwaka 2003 karibu na ziwa, nalo lilitembelewa na mamia. Mwaka mmoja alikuja Mombasa kumuuguza mamake, akakaa miezi minne. Huku nyuma mtu aliripoti kuwa kasha limelowa. Mkaguzi wa kujitolea akaacha taarifa, akangoja muda uliowekwa, akaliondoa orodhani. Kanuni ni kwamba lililoondolewa kwa kukosa matunzo halirudishwi kwa kawaida. Mwenyewe aanze upya, kwa namba mpya na tarehe mpya. Kasha jipya aliweza kuliweka, lakini ule mwaka 2003 hakuweza kuuweka. Asiyecheza mchezo huu ataona ni jambo dogo. Kwa wachezaji, umri wa kasha ni kama nasaba.

Safari ya Oregon ilichukua saa nne kwa sababu ya msongamano, nazo zilitosha kuniorodheshea yaliyobadilika. Zamani palikuwa na makasha yasiyo na sanduku: uliongozwa hadi mahali pa kutazama, mathalan sanamu au jengo la kale, ukajibu swali kuthibitisha umefika. Mwaka 2005 tovuti kuu ilikoma kupokea mapya ya aina hiyo. Yale ambayo hayakuwa na mahali maalumu, ambayo mchezaji aliambiwa atafute kitu cha aina fulani popote duniani, yakahamishiwa tovuti nyingine ambako hayakupata wapenzi wengi. Mwaka 2015 yalisimamishwa kwa mwaka mzima makasha yaliyomtaka mtafutaji atimize mitihani fulani kwanza, yakarudi na masharti mengine. Sura ya tovuti nayo imegeuzwa mara kadhaa. Kila ikigeuzwa, vitufe alivyovizoea havipo mahali pake. Asiyelipa ada haonyeshwi yote. Na tangu watu watumie simu, husema, yale maandishi marefu yaliyokuwa yakimngoja mwenye kasha jioni yamekwisha; huletewa herufi mbili tatu za kifupisho.

Tulipofika Beavercreek aliinama akapangusa bamba kwa kitambaa. "Hii ndoo," akasema, "leo wangeikataa."

Nilidhani ni uchungu wa mkongwe, kumbe asema kweli. Kanuni za sasa zakataza kuchimba shimo ili kuficha kasha bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na ndoo ile ilifukiwa. Zakataza chakula ndani yake, na mle mlikuwa na kopo la maharagwe.

Hata hivyo, sikukubaliana naye katika yote, nami nilimwambia hivyo. Ukichunguza kanuni moja moja utaona nyingi zina asili yake. Chakula huita wanyama, nao hutafuna plastiki. Wachimbao huharibu mizizi ya miti, na wasimamizi wa hifadhi wakiona shimo moja huufunga msitu wote kwa wachezaji. Kasha na kasha huachana mita 161 kwa kuwa pasipo mpaka kila kichaka kingejazwa mikebe. Kuhusu masanduku yasiyojulikana mjini, mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walikuja kulipua kisanduku kilichokuwa cha mchezo huu tu. Mtu aliyewahi kuulizwa na askari mara mbili angepaswa kuwa wa kwanza kuipenda tahadhari.

Alinisikiliza, kwa kuwa mimi ni mkwe na adabu yake ni ya Kibokoni. Kisha mpwa wangu akajibu kutoka kiti cha nyuma. Alisema mumewe hagombi na kanuni ya shimo. Lililomchoma ni namna mambo yalivyofanywa. Waliojaza tovuti ile makasha, wakayakarabati kwa fedha zao na kuyaandikia bila malipo, husoma mabadiliko siku yakishaanza kutumika, kama mpangaji akutaye kufuli mpya mlangoni. Kwa hilo sikuwa na jibu, na sidhani wenye tovuti wanalo la kutosha. Mtu aweza kuwa na haki ya kubadilisha nyumba yake, lakini akiisha kuwakaribisha watu wakatia ndani vitu vyao, haki hiyo yapungua kidogo.

Mpwa wangu, ambaye hakuwahi kuwa na akaunti ya mchezo, ndiye aliyefanya la maana. Tovuti humruhusu mlipaji wa ada kuchukua faili la makasha yote aliyoyapata pamoja na maneno aliyoyaandika. Alimwambia mumewe alichukue, akalichapisha lote, akalipeleka kutiwa jalada. Nimelishika kitabu hicho. Ni kinene kama kamusi. Ukurasa wa jino uko mahali pake, na wa msiba pia.

Limebaki jambo la Mombasa. Tangu mwaka 2004 mwenyeji wangu alikuwa na nia ya kuweka kasha Mji wa Kale, lisilo na sanduku, litakalowaongoza wageni hadi kwenye mlango mmoja wa nakshi wakahesabu maua yaliyochongwa katika kizingiti cha juu. Alichelewa, mwaka 2005 aina hiyo ikafungwa. Sanduku la kawaida hakuruhusiwa, kwa kuwa anayeweka kasha huna budi kuweza kulitunza, na yeye yuko ng'ambo ya bahari mbili. Mwaka 2017 tovuti iliwachagua wachezaji 4,000 hivi duniani, kila mmoja akapewa ruhusa ya kuweka kasha moja la aina ile ya zamani. Hakuwa miongoni mwao. Siku hiyo, mpwa wangu aliniambia, alikula kimya.

Iko aina moja bado wazi: makasha ya elimu ya ardhi, ambayo hayana sanduku, bali somo la miamba na maswali ya kujibu papo hapo. Yahitaji ruhusa ya wenye mahali, na kwa aishiye mbali masharti yake hayabani sana. Mlango wa nakshi haufai, lakini Ngome ya Yesu imejengwa juu ya jiwe la matumbawe, na ukishuka chini ya kuta zake maji yakitoka utaona wazi jiwe hilo lilivyo na mabaki ya viumbe wa bahari. Tukiwa njiani kurudi Seattle aliniomba mambo mawili: nimuulizie ruhusa kwa wahusika wa makumbusho, na nimpatie mtu wa nyumbani wa kumpimia jiwe na kumpigia picha.

Mtu nimempata. Ni mjukuu wa dada yangu, msichana wa Kidato cha Tatu apendaye jiografia, na amekwisha kuuliza jedwali la maji la mwezi ujao ajue maji yatamruhusu siku gani. Barua ya ruhusa nimeiandika, majibu bado.